Mguu wa Mosonik

Granada ilifika gereji ikivutwa kwa kamba,
rangi yake ya maziwa mala imebabuka mabegani,
na Bi Taprandich ndani, kiti cha abiria,
kana kwamba dereva ameshuka kununua gazeti.

"Injini itazame ukipenda," akaniambia.
"Mimi nimeleta kile kidude
kilichokuwa kikimpumzisha mguu."

Nikafungua boneti. Nikakiona ubavuni mwa kabureta:
kopo jeusi, kama sufuria ya chai ya mtu mmoja,
mnyororo wa shanga ukitoka tumboni mwake
hadi kwenye kipepeo cha shaba
kinachoamua injini ivute pumzi kiasi gani.
Marehemu alikinunua kwa Mwitaliano mjenzi wa barabara
aliyekuwa akirudi kwao, akakifunga mwenyewe,
Jumapili tatu mfululizo, kanisa likimngoja.

Hakina akili, nilimwambia.
Injini ya zamani inaponyonya hewa
kupitia koo lililobanwa,
nyuma ya koo hubaki ombwe,
na ombwe, mama, lina mkono.
Humu koponi mna kiwambo cha mpira.
Ombwe hukivuta, kiwambo huvuta mnyororo,
mnyororo humvuta kipepeo,
pedali inashuka bila kiatu.
Msimamizi ni kebo ya spidi:
inazungusha vizito viwili vidogo kama maharagwe.
Gari likikimbia, vinatawanyika,
hewa inapenyezwa kidogo, mkono unalegea.
Likizembea, vinakusanyika, mkono unakaza.
Ni hivyo tu. Kuvuta na kuachia.

"Ishirini na sita," akasema. Miaka, nadhani.

Kiwambo kilikuwa kimechanika.
Nikakata kingine kwenye tyubu ya Probox,
solusheni, uzi, subira ya siku mbili,
kisha nikanyonya bomba kwa mdomo wangu mwenyewe:
mnyororo ukajikunja.
Simiyu, mwanafunzi wangu, akaruka nyuma na spana yake.

Tukatoka kujaribu. Mimi usukani.
Tulipopita Ngata barabara ikalala.
Nikafika themanini, nikabonyeza, nikaondoa mguu.
Pedali ikabaki chini.
Ikapumua: chini kidogo, juu kidogo.
Bi Taprandich hakutazama barabara. Alitazama pale,
akavuta sketi yake magotini,
akasema maneno mawili ya Kikalenjin
ambayo sikuyaelewa
na sikuuliza.

Sachang'wan ikasimama mbele yetu.
Sabini na tano. Sabini. Sitini na mbili.
Nyuma yetu lori tupu likapiga honi.
"Kimeharibika tena?"
"La. Mlimani kipepeo hufunguka wazi,
injini hunywa kwa kinywa chote,
ombwe linakwisha, na ombwe likiisha
hakuna cha kuvuta.
Pale unapokihitaji ndipo kinapokuacha."

Akacheka hadi akatafuta kitambaa.
"Mosonik mtupu! Tambarare alikuwa bwana.
Karo ikifika, mtoto akilazwa pale hospitali kuu,
mguu wake unalegea, wangu unakanyaga."
Akajifuta. "Lakini tambarare, Kerubo!
Tambarare ungelala usingizi."

Nikagusa breki. Vali ikafunguka, hewa ikaingia,
fff,
na pedali ikapanda kama mtu aliyeguswa bega.

Tulipogeuza akaomba tubadilishane.
Ana miaka sitini na minne, leseni ya wiki tatu.
Akasogeza kiti mbele, mbele tena,
hadi tumbo likagusa usukani,
akaipeleka Granada Nakuru kwa gia ya tatu
njia nzima, mikono yote miwili, bila neno.
Getini ndipo alipozima.
"Kitoe. Na mnyororo wake."

Alinilipa ya kukitengeneza na ya kukitoa.
Kiko rafuni, kati ya mkebe wa grisi
na betri ambayo mwenyewe hakuirudia.
Jioni nyingine, Simiyu akishaenda kwao Bondeni,
huchukua lile bomba nikalinyonya mara moja.
Mnyororo hujikunja taratibu,
kidole cha mtu anayeita.
Nikiachia, unanyooka.